Mtoto Aliye Tumboni Mbele ya Sheria ya Jinai

Mtu akimpiga mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano, na kwa kipigo hicho mimba ikaharibika, je, sheria yamwita mtu huyo nani? Wengi wetu tukiulizwa swali hili barazani, kiwandani au katika kituo cha basi tutajibu mara moja kwamba mtu huyo ni mwuaji, tena mwuaji mbaya, kwa kuwa amemwua asiyeweza hata kulia. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haisemi hivyo. Mbele ya kanuni hiyo mtu huyo si mwuaji hata kidogo. Huenda akashtakiwa kwa kumpiga na kumdhuru yule mama, akafungwa miaka michache kisha akarudi mtaani. Habari ya mtoto haimo katika hati ya mashtaka.

Jambo hili lastahili kujulikana na kila mfanyakazi na kila mzazi, wala lisiachiwe mawakili peke yao. Mara kwa mara mtu husimama, awe mhubiri, diwani au mbunge, akadai kwamba dawa ni moja tu: mtoto aliye tumboni atangazwe kuwa mtu kamili katika sheria ya jinai tangu siku ya kwanza ya mimba. Neno hili lasikika kuwa la haki na la huruma. Kabla ya kulishangilia, yatupasa tujue sheria tuliyo nayo yasemaje, imetoka wapi, ufa wake uko mahali gani, na wale waliokwisha kulifanya jambo hilo katika nchi nyingine wamevuna nini.

SHERIA YASEMAJE

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, ina kifungu ambacho katika toleo la mwaka 2022 chahesabiwa namba 204. Kifungu hiki chaeleza ni lini mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa. Jibu lake ni kwamba anakuwa mtu pale anapokuwa ametoka mzima mzima katika mwili wa mama yake, akiwa hai. Si lazima awe amevuta pumzi. Si lazima damu yake iwe imekwisha kuzunguka peke yake. Si lazima kitovu kiwe kimekatwa. Linalotakiwa ni kwamba ametoka wote, na kwamba yu hai. Kabla ya hapo hakuna shtaka la kuua kwa kukusudia wala la kuua bila kukusudia linaloweza kusimama kwa ajili yake. Kenya ina kifungu kama hicho, namba 214 katika Kanuni yake ya Adhabu.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba sheria humhesabu mtoto huyo kuwa si kitu. Sivyo. Imemwekea uzio wa namna yake, na uzio huo una nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni vifungu vya 150, 151 na 152, vinavyohusu kuharibu mimba kinyume cha sheria. Anayemfanyia mwanamke jambo hilo aweza kufungwa miaka 14. Mwanamke mwenyewe akijifanyia, miaka 7. Na anayetoa dawa au chombo akijua kitatumika kwa kazi hiyo, miaka 3.

Nguzo ya pili ni kifungu cha 219, kinachohusu kumwangamiza mtoto anayeweza kuzaliwa akiwa hai. Mtu akifanya tendo kwa nia ya kuukomesha uhai wa mtoto kama huyo, naye mtoto akafa kabla ya kuwa na maisha yake mbali na mama, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Mimba ikithibitishwa kuwa imefikisha wiki 28 au zaidi, mahakama itachukua kwamba mtoto alikuwa na uwezo wa kuzaliwa hai, mpaka ithibitishwe vingine. Pamoja na hayo, aliyefanya tendo hilo kwa nia njema, ili kuokoa maisha ya mama tu, hana hatia. Na kifungu cha 230 chamlinda mganga anayepasua kwa uangalifu na ustadi ili kumnusuru mama.

Nguzo ya tatu wengi hawaijui. Mwanamke akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa, na ikathibitishwa kwamba ana mimba, mahakama haimhukumu kifo. Humhukumu kifungo cha maisha. Hapo sheria yenyewe yakiri kwamba ndani ya mshtakiwa yumo asiye na kosa, ambaye haifai apelekwe kitanzini pamoja na mama yake.

Kwa hiyo tukiyakusanya yote, twaona kwamba mtoto aliye tumboni si mtu kamili katika mashtaka ya kuua, wala si kitu cha kutupwa. Sheria yamlinda kwa makosa yaliyotungwa makusudi kwa ajili yake.

MPAKA HUU UMETOKA WAPI

Mpaka huu wa kuzaliwa haukubuniwa Dar es Salaam wala Nairobi. Katika karne ya 17 jaji mkubwa wa Uingereza, Edward Coke, aliandika kitabu juu ya makosa ya jinai, kikachapwa mwaka 1644, yeye akiwa amekwisha kufa. Humo alieleza kwamba mtoto aliyekwisha kucheza tumboni akiuawa humo humo kwa dawa au kwa kipigo, hilo ni kosa kubwa, lakini si kuua kwa kukusudia. Bali mtoto akizaliwa hai, kisha akafa kwa sababu ya dawa hiyo au kipigo hicho, basi ni kuua kwa kukusudia.

Kwa nini wazee wale waliuweka mpaka mahali hapo? Sababu moja kubwa ilikuwa ni ushahidi. Zamani zile hapakuwa na chombo cha kusikiliza moyo wa mtoto ulio ndani, wala mashine ya kutazama tumbo, na waganga walijua kidogo sana juu ya magonjwa ya uzazi. Mimba nyingi ziliharibika zenyewe, kama zinavyoharibika hata leo. Jaji angewezaje kumnyonga mtu kwa kumwua kiumbe ambaye hakuna aliyeweza kuapa kwamba alikuwa hai asubuhi ya siku ile? Kuzaliwa hai kulikuwa ni alama ambayo mkunga na jirani waliweza kuiona kwa macho.

Wala Waingereza hawakuwa peke yao katika mawazo haya. Katika Torati, kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo habari ya watu wanaopigana wakamwumiza mwanamke mwenye mimba, mimba ikatoka bila madhara mengine. Hukumu yake ni kutozwa mali, kwa kadiri anavyodai mume na wanavyoamua waamuzi. Katika sheria ya Kiislamu, Mtume Muhammad aliamua shauri la wanawake wawili wa kabila la Hudhail, ambapo mmoja alimtupia mwenziwe jiwe, na kilichokuwamo tumboni kikafa. Fidia ya kiumbe kile, ambayo mafakihi waiita ghurra, ilikuwa mtumwa mmoja, mwanamume au mwanamke. Baadaye wanazuoni waliikadiria kuwa sehemu moja ya ishirini ya dia kamili, yaani ngamia 5 katika ngamia 100. Lakini mtoto akitoka hai kisha akafa kwa pigo lile, dia yake ni kamili. Basi hapa mafakihi wa Kiislamu na jaji wa Kiingereza, ambao hawakukaa baraza moja, walikutana katika mpaka mmoja: kabla ya kuzaliwa yako malipo yake, baada ya kuzaliwa hai, malipo ni ya mtu.

Uingereza iliendelea kuongeza vifungu. Mwaka 1803 bunge lake lilitunga sheria ya kuwaadhibu waharibuo mimba, na mwaka 1861 likaiandika upya. Hata hivyo palibaki nafasi ya ajabu. Mtoto aliyeuawa katika saa ile ile ya kuzaliwa, akiwa nusu yuko ndani na nusu yuko nje, hakuwa mimba iliyoharibiwa, wala hakuwa mtu aliyeuawa. Nafasi hiyo ilizibwa mwaka 1929 kwa sheria ya kulinda maisha ya watoto wachanga, na humo ndimo zilimotoka zile wiki 28 tunazozisoma katika kanuni yetu.

Nasi tulizipataje sheria hizi? Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliweka Kanuni za Adhabu ambazo asili yake ni kanuni iliyotungwa na Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, katika Australia, ikapitishwa huko mwaka 1899. Kifungu cha mtoto kuwa mtu aliyetoka mzima mzima kilisafiri ndani ya kanuni hizo mpaka kwetu, kikabaki hata baada ya bendera kubadilika.

MTOTO WA SIKU 121

Namna mpaka huu unavyofanya kazi yaonekana vizuri katika shauri moja la Uingereza. Mwezi wa Mei mwaka 1994 mwanamume mmoja alimchoma kisu mpenzi wake, ambaye alikuwa na mimba yake ya wiki 22 hadi 24. Mama alipona. Waganga walidhani mtoto hakuguswa. Wiki mbili hivi baadaye mama akashikwa na uchungu kabla ya wakati, mtoto akazaliwa akiwa mchanga mno, ndipo ikaonekana kwamba kisu kilikuwa kimemfikia na yeye. Aliuguzwa kwa kila njia, akaishi siku 121, kisha akafa kwa matatizo ya kuzaliwa kabla ya siku zake.

Yule mwanamume alikuwa amekwisha kukiri kosa la kumjeruhi mama, naye amehukumiwa. Sasa akashtakiwa tena kwa kumwua mtoto. Jaji wa kwanza akasema hakuna shauri. Jambo likapanda mpaka Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, na mwaka 1997 likatoa uamuzi wake. Malodi walisema kwamba mtoto aliye tumboni si kiungo cha mama kama mkono au mguu, wala si mtu mwingine kamili. Ni kiumbe cha namna yake peke yake. Kwa hiyo nia mbaya ya kumdhuru mama haiwezi kuhamishwa ikawa nia ya kumwua mtoto, na kosa la kuua kwa kukusudia halisimami. Lakini kwa kuwa mtoto alizaliwa hai, akafa kwa tendo la haramu na la hatari, kosa la kuua bila kukusudia laweza kusimama.

Tazama sasa jinsi mambo yalivyo. Angalikufa mtoto yule tumboni siku ile ya kisu, shtaka hilo lisingaliwezekana. Aliishi siku 121, ikawezekana. Kisu ni kile kile, mkono ni ule ule, tumbo ni lile lile. Mtu mwenye moyo wa haki hawezi kuyasoma haya akatulia.

UFA ULIOPO

Turudi sasa kwa mwanamke wetu wa miezi mitano. Tuseme mumewe amerudi usiku na hasira zake, akampiga mateke, na alfajiri mimba ikatoka. Mwendesha mashtaka afungue kifungu gani?

Kifungu cha 204 kimemfungia mlango wa shtaka la kuua, kwa kuwa mtoto hakuzaliwa hai. Kifungu cha 219 chataka mtoto awe alikuwa na uwezo wa kuzaliwa hai, na miezi mitano haijafika wiki 28; tena chataka nia ya kumwangamiza mtoto, na huyu mume atasema kwamba alikuwa na ugomvi na mkewe, hakuwa na ugomvi na mimba. Kifungu cha 150 nacho chataka nia ya kuharibu mimba, naye atasema maneno yale yale. Panabaki makosa ya kumdhuru mama. Likiwa ni shambulio la kudhuru mwili, adhabu haizidi miaka 5. Likiwa ni la kusababisha madhara makubwa, haizidi miaka 7. Mara nyingi mahakama hutoa pungufu ya hapo. Mama aliyebeba mimba, akaipa jina moyoni mwake, ataambiwa kwamba kesi yake ni ya kupigwa.

Methali yasema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Na katika ugomvi wa nyumbani nyasi ni huyu aliyemo tumboni. Huu ndio ufa, nao ni wa kweli. Mtu yeyote anayetetea sheria ya sasa bila kuukubali ufa huu hawatendei haki wanawake wanaopigwa.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba kifungu cha kuuziba ufa huu kiliwahi kuwamo katika sheria zilizotumika hapa kwetu. Tangu mwaka 1920 hadi 1930 Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi, iliyotungwa mwaka 1860, na Kenya nayo iliitumia kabla ya mwaka huo 1930. Kanuni hiyo ilikuwa na kifungu cha 316. Chasema kwamba mtu akifanya tendo ambalo, kama mama angekufa, lingekuwa ni kosa la kumwua, naye mama akapona lakini mtoto aliyekwisha kucheza tumboni akafa, mtu huyo aweza kufungwa hadi miaka 10. Hapatakiwi kuthibitisha kwamba alimlenga mtoto. Hapatakiwi kumwita mtoto mtu kamili. Kifungu kingine, cha 313, kilimwadhibu vikali zaidi, hadi kifungo cha maisha, mtu aharibuye mimba bila ya ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Mwaka 1930 kanuni ya Queensland ilipoingia, ile ya Bara Hindi ikatoka, na kifungu kile kikatoka pamoja nayo. India yenyewe haikukiacha: ilipoandika kanuni mpya ya jinai mwaka 2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, ilikichukua tena.

FUNZO LA CALIFORNIA

Wako wasemao kwamba kifungu cha namna hiyo hakitoshi. Wanataka neno moja fupi: mtoto aliye tumboni ni mtu, na amwuaye ni mwuaji. Hebu tutazame waliolijaribu neno hilo.

Mwezi wa Februari mwaka 1969, katika jimbo la California, Marekani, mwanamume mmoja alikutana barabarani na mwanamke waliyeachana, akamwona ana mimba kubwa ya mtu mwingine. Akamshindilia goti tumboni kwa makusudi ya kuiua mimba ile. Mtoto alizaliwa maiti, fuvu limevunjika, na waganga walisema kwamba kama angezaliwa siku ile kabla ya pigo angeweza kuishi. Mwaka 1970 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba sheria ya kuua, iliyoandikwa katika karne ya 19, ilimhusu mtu aliyezaliwa hai tu, na kwamba majaji hawana ruhusa ya kutunga kosa jipya na kulitumia kwa tendo lililokwisha kupita. Watu walikasirika, na ilikuwa haki yao kukasirika. Mwaka ule ule bunge la jimbo likaongeza maneno machache katika kifungu cha kuua: kumwua binadamu, au kijusi. Likaandika pia kwamba tendo lililokubaliwa na mama mwenyewe halihesabiwi.

Nani angeweza kudhani kwamba maneno yale, yaliyoandikwa ili kumwadhibu mwanamume mpiga goti, siku moja yangemgeukia mwanamke? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika wilaya ya Kings, California, wanawake wawili waliojifungua maiti walishtakiwa kwa kuua, kwa madai kwamba walitumia dawa za kulevya wakati wa mimba. Mmoja wao, mwaka 2018, alikiri kosa dogo kidogo ili aepuke kubwa, akahukumiwa miaka 11, akakaa gerezani karibu miaka 4 kabla hukumu yake haijatenguliwa mwaka 2022. Mwenziwe alifutiwa mashtaka. Mwezi wa Januari mwaka huo wa 2022 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Rob Bonta, aliwaandikia waendesha mashtaka wote kuwaonya kwamba kifungu kile hakikuwekwa kwa ajili ya kuwashtaki akina mama waliopoteza mimba.

Katika jimbo la Carolina ya Kusini mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 2001 mwanamke mmoja aliyejifungua maiti alipatikana na hatia ya kuua, akahukumiwa miaka 20, na kati ya hiyo atumikie 12. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya jimbo ilitengua hukumu hiyo, kwa sababu katika kesi wakili wake hakuwaletea wazee wa baraza ushahidi wa kitaalamu uliopinga kwamba dawa ndizo zilizomwua mtoto. Yule mama alikuwa amekwisha kukaa kifungoni miaka mingi.

Mfano mchungu kupita yote umetoka El Salvador. Nchi hiyo ilipiga marufuku utoaji mimba wa kila namna mwaka 1998, na mwaka 1999 ikaandika katika Katiba kwamba binadamu ni mtu tangu kutungwa kwa mimba. Mwaka 2008 mwanamke maskini wa shamba, ambaye dunia inamjua kwa jina la kubandikwa la Manuela, alipotokwa na mimba alikwenda hospitali akivuja damu. Akafungwa pingu kitandani. Alihukumiwa miaka 30 kwa kumwua mtoto wake. Kumbe mwilini alikuwa na saratani ya tezi. Akafa akiwa mfungwa mwaka 2010, akiacha watoto wawili. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba serikali ilizivunja haki zake.

Wenye kuelewa wataona mahali ambapo neno lile fupi limeleta balaa. Ukisema kwamba tumboni yumo mtu kamili mbele ya sheria ya kuua, basi kila mimba inayotoka ni kifo cha mtu, na kila kifo cha mtu huweza kuitiwa polisi. Na mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni nani, kama si yule ambaye mtoto alikuwa ndani yake? Ataulizwa alikula nini, alinyanyua mzigo gani, alikunywa mitishamba gani, kwa nini hakuwahi kliniki. Mwenye mali atampata wakili na daktari wa kumtetea. Mama wa kijijini na mfanyakazi wa kibarua watabaki na machozi yao. Naye atakayesikia habari za mwenziwe aliyetiwa pingu kitandani, siku damu itakapomtoka ataogopa kwenda hospitali, afe nyumbani yeye na mtoto wake. Hapo sheria iliyotaka kuokoa roho moja itakuwa imepoteza mbili.

Kenya yafaa kutazamwa kwa makini katika jambo hili. Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 26, yasema kwamba maisha ya mtu yaanza wakati mimba inapotungwa. Lakini ibara hiyo hiyo imeacha mlango kwa matibabu ya dharura na kwa hatari ya maisha au afya ya mama, kwa maoni ya mtaalamu wa afya. Na Kanuni yake ya Adhabu bado yasema kwamba mtoto ni mtu anayeweza kuuawa atakapokuwa ametoka mzima mzima akiwa hai. Maneno haya mawili yanaishi nyumba moja, na mahakama za huko zimekuwa na kazi ya kuyapatanisha.

LIFANYIKE NINI

Mtu wa dini atatuuliza: je, mnasema kwamba roho ya mtoto si roho mpaka azaliwe? Hatusemi hivyo. Swali la lini roho inaingia ni la msikiti na la kanisa, na kila mmoja wetu ana imani yake. Sheria ya jinai huuliza swali jingine: ni nani apelekwe gerezani, kwa tendo lipi, na kwa ushahidi gani? Twaweza kuamini kwa moyo wote kwamba kila mimba ni tunu ya Mungu, na papo hapo tukakataa kumfunga mama aliyeipoteza.

Rai yetu ni kwamba mpaka wa kifungu cha 204 uachwe mahali ulipo, na ufa uzibwe kwa kifungu cha peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mambo manne yafaa kufikiriwa na wabunge na wanasheria wetu.

Kwanza, liwekwe kosa jipya, kwa mfano wa kile kifungu cha Bara Hindi, la kusababisha kifo cha mtoto aliye tumboni kwa kumshambulia mama yake. Isitakiwe kuthibitisha nia juu ya mtoto. Itoshe kwamba mshambuliaji alijua, au alikuwa na kila sababu ya kujua, kwamba mwanamke yule ana mimba. Adhabu yake iwe nzito kuliko ya shambulio la kawaida.

Pili, kifungu hicho kiseme kwa maneno yaliyo wazi kabisa kwamba mama mwenyewe hawezi kushtakiwa kwacho, wala mganga au mkunga aliyekuwa akimtibu. California yatufundisha kwamba maneno ya nusu nusu hayatoshi. Ni lazima ulinzi wa mama uandikwe kwa wino usiofutika.

Tatu, zile wiki 28 za mwaka 1929 zitazamwe upya. Ni kipimo cha waganga wa zamani. Siku hizi watoto wengi waliozaliwa kabla ya wiki hizo huokolewa katika hospitali zenye vyombo vya kuwalea, na Uingereza yenyewe mwaka 1990 ilichagua wiki 24 katika sheria yake ya utoaji mimba.

Nne, ushahidi uandikwe mapema. Mama aliyepigwa apewapo fomu ya polisi ya PF3, mganga aandike humo umri wa mimba, kama moyo wa mtoto ulisikika au la, na mahali yalipo majeraha. Kadi ya kliniki ihifadhiwe na iletwe. Kesi nyingi hazifi kwa ubovu wa sheria. Zafa kwa sababu karatasi iliyoletwa mahakamani ilijazwa mistari miwili.

Tena tusidanganyike kwamba gereza ndilo litakalowalinda watoto wetu. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Msimamizi anayemnyanyulisha mwenye mimba magunia, au anayemnyima ruhusa ya kwenda kliniki, anamhatarisha mtoto kama vile yule mwenye mateke, ingawa hakuna atakayemwita mhalifu. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yana kazi hapo, nayo haihitaji kungoja bunge.

Mtoto aliye tumboni hana mlango mwingine wa kufikiwa na sheria ila kupitia kwa mama yake. Kila ulinzi atakaopewa mama dhidi ya ngumi, njaa na mzigo mzito ni ulinzi wa mtoto. Kila shtaka litakalotungwa juu ya mama litamfukuza mama huyo mbali na mganga, na mtoto atakwenda naye. Wabunge watakaolishika jambo hili na walipime kwa mizani hiyo.